Kasiani Pazi na Mhimili wa Gari Namba Tisa

Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa majirani zetu Waislamu, mliochimba kaburi hili pamoja nasi tangu alfajiri, asalaam aleikum.

Mimi ni Stefano, mwalimu wa watoto wadogo hapa misheni. Marehemu alikuwa mjomba wangu, kaka wa mama yangu, tumbo moja. Wasifu huu niliuandika jana kwa mkono wangu, nakala tatu: moja ya padri, moja ya mjane, moja ya wazee wa ukoo. Nimefanya hivyo kusudi kesho asitokee mtu wa kusema kwamba Stefano alisema hili au hakusema lile. Nimelelewa na mtu asiyeamini neno la mdomo, mnisamehe.

Kila aliyepo hapa anajua kwa nini leo tumekaa makundi makundi. Kwa desturi yetu Waluguru, jina la marehemu hurithiwa na mtoto wa dada yake, na anayelirithi jina hurithi na mambo yake yote, mazuri na mabaya. Wazee wa ukoo wamekata shauri kwamba safari hii jina la Pazi lisirithiwe na mtu, lizikwe na mwenyewe, kwa kuwa lina doa. Wanasema mhunzi aliyelitoa gari bovu kiwandani kwake, likamvunja mwenzake mguu, hafai kuendelezwa. Wameniruhusu nisome kwanza ndipo wafunge maneno yao. Basi naomba mnisikilize mpaka mwisho. Nawe mtani wetu Hatibu, najua umeshajiandaa kumwigiza marehemu anavyogonga jeneza lake mwenyewe. Ni haki yako, hakuna atakayekukasirikia, lakini ngoja nimalize.

Marehemu alizaliwa Kinole, upande wa mashariki wa milima hii. Kitabu cha ubatizo kimeandikwa mwaka 1865. Msikiamini sana kitabu hicho, maana padri aliuliza, bibi yangu akakisia, karani akaandika. Ninalolijua kwa hakika ni kwamba mwaka 1872, mafuriko makubwa yalipobomoa kuta za mji wa Simbamwene, yeye alikuwa ameshang'oka meno ya mbele. Alisimulia mara nyingi jinsi alivyojaribu kupiga mluzi kuwaita mbuzi siku ile, mluzi ukakataa kutoka. Mbuzi wawili walichukuliwa na maji, na mpaka uzeeni alishuku kwamba mmoja wao hakuchukuliwa na maji bali na jirani.

Shule hakusoma. Zilipofika huku yeye alikuwa mtu mzima mwenye ndevu. Alisomea kwa mjomba wake, mhunzi, aliyeitwa Pazi kabla yake, naye alilipata jina kwa mjomba wake, ambaye pia alikuwa mhunzi. Walikuwa wakichota mchanga mweusi kwenye mito ya huku juu, wakaupika kwa makaa na mivukuto mpaka ukatoa chuma, wakafua majembe. Pazi wa kwanza alimfundisha jambo moja kabla ya yote, kwamba chuma huulizwa. Unakigonga kwa nyundo ndogo, unategea sikio. Chuma kizima kina sauti moja, ndefu. Chuma chenye ufa hutoa sauti mbili, moja ikijificha nyuma ya nyingine. Marehemu alisema alikaa miaka miwili bila kuisikia hiyo ya pili, na alipoisikia mara ya kwanza alilia.

Tangu siku hiyo hakuna alichokiacha bila kukigonga. Aligonga nazi sokoni, mtungi wa maji, mlango wa nyumba ya mgeni wake. Kengele ya misheni ilipoletwa kwa gari moshi, watu wanashangilia, yeye alipenya katikati akaigonga kwa kidole kilichokunjwa, akatangaza kwamba ina sauti mbili, haitamaliza mwaka. Kengele hiyo ndiyo iliyomlilia leo asubuhi, miaka minne baadaye, na haina hata mkwaruzo. Nalitaja hili kwa sababu sikuja hapa kumpaka mtu asali. Mjomba alikuwa akikosea, na kwa kuwa alishuku vitu vingi, watu wengi tulizoea kucheka. Mimi nikiwa wa kwanza.

Mwaka 1886 alimwoa mama yetu Magdalena, wakati huo bado hajabatizwa, akahamia hapa Bigwa kwa wakwe zake kama ilivyo desturi. Siku ya kuletewa vyombo vya ndoa alivigonga vyote mbele ya wakwe, chungu kwa chungu, akarudisha kimoja. Wakwe walinuna wiki nzima. Magdalena akamwuliza, "Vyungu umevipima, mbona mimi hukunipima?" Akamjibu, "Wewe nilikusikia ukiimba mtoni, mwezi mzima kabla sijatuma mshenga. Una sauti moja." Mama anasema hilo ndilo neno tamu kuliko yote aliyopata kuambiwa, na kwamba halikurudiwa. Walibatizwa pamoja Pasaka ya mwaka 1898, wakafunga ndoa kanisani mwaka huohuo. Mungu aliwapa binti mmoja, Cecilia. Mimi niliongezeka mwaka 1889, mama yangu alipofariki nami sijaanza hata kutambaa.

Kazi yake mnaijua, maana hakuna jembe la Bigwa ambalo halikupita mkononi mwake. Mwaka 1905, vita vya Majimaji vilipowaka upande wa kusini, kila mhunzi alishukiwa kwamba anafua mikuki. Yeye hakusubiri kuitwa. Alijitwika fuawe lake la kufulia chuma, akalipeleka bomani mwenyewe, akawaambia wakae nalo mpaka watosheke kulitazama. Walipolirudisha, aliligonga kwanza kuhakikisha hawakumbadilishia. Alikuwa na tabia nyingine moja ya kazi ambayo naomba muikumbuke, nayo ni kwamba hakupaka rangi chuma hata siku moja. Alipounga kitu alikiacha wazi, kila mtu aone pale palipoungwa. Mteja akitaka rangi, alimwambia akapake kwake.

Reli ilipofika Morogoro mwaka 1907, mji ulijaa watu wenye masanduku wasiotaka kutembea. Mwaka uliofuata akaja Bwana Kibwana kutoka Dar es Salaam, wakala wa magari ya kuvutwa na mtu, yale ya magurudumu mawili tunayoyaita riksho. Yalitengenezwa Ujapani, katika kiwanda cha Tokunami. Bwana Kibwana yupo hapa leo. Amepewa mkeka, amekaa vizuri, na tunamshukuru kwa kusafiri. Sijui kama amekuja kumlilia marehemu au kuhakikisha amekufa kweli.

Siku ile pale stesheni Bwana Kibwana alitusomea historia ya kiwanda, nami niliisikia kwa masikio yangu. Alisema mzee Tokunami alianza kwa kutengeneza machela ya mabwana wakubwa wa kwao. Desturi ya kubebwa mabegani ilipokufa, yeye akayapa machela magurudumu. Kiwanda kikaungua, wanawe wakakijenga upya. Sasa magari yao yanavutwa Singapore, Bombei, Durban na Unguja, na mbao zake hukaushwa kivulini miaka saba. Watu wakapiga makofi. Mjomba akainua mkono, akauliza, "Hicho kivuli cha kwao, na jua letu la Oktoba, vimeshakutana?" Watu wakacheka. Bwana Kibwana naye akacheka, akasema, "Mzee, hili gari litawazika wajukuu zako."

Lazima niseme haki. Yale manne ya kwanza yalikuwa mazuri. Mjomba aliyagonga yote, mhimili kwa mhimili, maana yake ile fimbo ya chuma inayoshika magurudumu mawili, akasema, "Huyu Tokunami simjui, lakini mtu aliyefua chuma hiki alikuwa halali." Kwa mjomba hiyo ilikuwa sifa kubwa mno. Yaliyoleta maneno ni yale manane yaliyokuja mwaka 1910, namba tano mpaka namba kumi na mbili. Yaling'aa kuliko ya kwanza, rangi nyeusi unajiona uso. Ilipofika Oktoba, mbao za magurudumu zikanywea, spoku zikaanza kucheza. Bibi Chausiku wa Mafiga, aliyenunua namba kumi na moja, alisema gari lake linaongea njia nzima kuliko abiria. Kitambaa cha juu kilivuja mvua ya kwanza tu. Kiti kilikatika kikiwa kimepakiwa gunia moja la mchele, na tena si gunia la kujaa.

Wenye magari wakawa wanamletea mjomba. Siku moja alikibandua kiti cha namba kumi na moja, akaniita nimsomee maandishi yaliyokuwa upande wa chini wa ubao. Nikasoma. Ulikuwa ubao wa sanduku la mafuta ya taa. Tukampelekea Bwana Kibwana alipokuja mjini. Hakutikisika hata kidogo. Akasema, "Kwani Wajapani hawawashi taa?" Mjomba akamwuliza kama haya manane yalikuja kwa meli yakiwa mazima au yaliungwa Dar es Salaam. Bwana Kibwana akatoa mkobani vyeti vinane, kila gari na cheti chake, kila cheti na mhuri mwekundu wa kiwanda. Mjomba hakujua kusoma ila jina lake. Alikigonga kimoja kwa kidole, akasema, "Karatasi haina sauti," akanipa mimi.

Mimi nilivisoma vile vyeti, na naungama kwamba nilivipenda. Vilikuwa vimeandikwa vizuri. Nilimwonea mjomba haya mbele za watu, mzee mwenye masizi anayebishana na mhuri.

Sasa nafika kwenye mwezi wa Agosti mwaka jana, 1912. Jumatatu tarehe 12, Bwana Mwinjuma, mwenye magari manne ya stesheni, alileta namba tisa likiwa na gurudumu linaloyumba. Mjomba alikaza spoku, akafua upya pete ya chuma, akamaliza Jumatano. Halafu, kama kawaida yake, akagonga mhimili. Akagonga tena. Akaniita, "Stefano, sikiliza hapa." Nikasikiliza, sikusikia kitu. Akasema, "Una ufa, uko ndani, chini ya rangi. Gari hili halitoki mpaka nifue mhimili mwingine." Kwenye mpini akafunga ukindu kwa fundo lake, alama yake ya kila siku, ambayo kila mwenye gari aliijua maana yake, kwamba kazi haijaisha, mtu asiguse.

Alhamisi tarehe 15 ilikuwa sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Mjomba na Magdalena walikwenda misa kubwa. Mchana namba tisa lilikuwa njiani, likivutwa na Salehe, limembeba karani mmoja na masanduku yake mawili kuwahi gari moshi. Kwenye mteremko wa Bigwa, kabla ya kijito, mhimili ukakatika. Karani alirukia majanini, akasimama akijikung'uta. Salehe gari lilimpanda. Mguu wake wa kulia ulivunjika mahali pawili, na haukuunga sawasawa. Salehe yule pale, amekaa juu ya jiwe, kwa sababu mkekani hawezi kuukunja. Alikuwa mvutaji mwenye mbio kuliko wote Morogoro, ana watoto wanne, na sasa anasuka mikeka.

Shauri lilisikilizwa kwa akida tarehe 2 Septemba. Wengi mlikuwepo. Mjomba alileta kipande cha mhimili, akaonyesha pale ulipokatika. Nusu ya mkato ilikuwa nyeupe, mpya, inang'aa. Nusu nyingine ilikuwa nyeusi kwa rangi. Akasema kwa utulivu, "Rangi imeingia ndani ya ufa. Basi ufa ulikuwapo kabla ya rangi. Aliyepaka aliuona, akaupaka." Bwana Kibwana akajibu kwamba rangi hiyo itakuwa imepakwa na fundi mwenyewe kuficha kosa lake. Mjomba akasema, "Mimi sipaki rangi, waulize wote hawa." Watu wakaitikia kwamba ni kweli. Mpaka hapo, ndugu zangu, shauri lilikuwa letu. Nilimwona Bwana Kibwana akijifuta shingo.

Ndipo akida akauliza, "Kwa hiyo ufa uliujua?"

"Niliujua."

"Ukafanya nini?"

"Nilifunga ukindu."

"Mwinjuma, uliukuta ukindu kwenye mpini?"

Bwana Mwinjuma akaapa kwamba vijana wake walikuta gari liko nje ya uzio, halina ukindu, limegeuzwa kuelekea barabarani tayari kwa kuvutwa. Alisema kweli, simlaumu.

"Kasiani," akasema akida, "uliujua ufa, na gari likatoka. Nani alilitoa?"

Mjomba akanyamaza. Akaulizwa mara ya pili, akanyamaza. Mara ya tatu akatazama chini, kwenye miguu yake. Watu tuliokuwa mlangoni tulisikia kuku wakiparua nje. Akida akahukumu kwamba fundi amelitoa gari analojua ni bovu, na sasa anatafuta wa kumsingizia. Akampiga marufuku kufua kwa ajili ya watu. Moto wa kiwanda ukazimwa siku ileile, maji yakamwagwa juu ya makaa, na fuawe likabaki likiota kutu. Bwana Kibwana alirudi Dar es Salaam na gari moshi la kesho yake, na kile kipande cha mhimili kilichokuwa mezani kwa akida hakikuonekana tena. Sisemi kilikwenda wapi. Nasema tu kwamba hakina miguu.

Tangu hapo ndipo maneno yenu yalipoanza. Wengine mlisema alilitoa kwa kulewa, na wote mnajua hakunywa. Wengine mlisema alimchukia Mwinjuma. Wazee wa ukoo mlisema, mtu anayeulizwa swali jepesi kama lile akanyamaza ana lake moyoni. Na hapo wazee hamkukosea. Alikuwa nalo.

Mwezi wa Novemba alianza kukohoa. Mhunzi aliyezoea moto akikaa baridini kifua humgeuka, ndivyo alivyosema mwenyewe. Mwezi wa Januari hakuweza tena kupanda mpaka kanisani. Tarehe 20 Februari aliniita, akaniagiza niandike barua kwa Tokunami wa Ujapani. Nikamwambia, "Mjomba, kwa lugha gani? Hawajui Kiswahili." Akasema, "Kama wameweza kutuuzia gari, wataweza kumtafuta wa kuwasomea." Katika barua hiyo hakulaumu. Aliuliza tu kama yale magari manane ni kazi ya mikono yao, maana manne ya kwanza yalikuwa halali, na hakutaka kufa akimshuku mhunzi mwenzake bure. Barua niliitia posta mwenyewe. Haijajibiwa. Labda bado iko baharini, labda kuna mtu alivutiwa na stempu yake.

Siku nne kabla ya kufa, Jumatatu asubuhi, nilikuwa peke yangu naye. Alifungua shati, akasema, "Gonga hapa." Nikamgonga kifuani taratibu kwa kidole kilichokunjwa, kama alivyonifundisha. Akasema, "Unasikia nini?" Nikasema, "Sisikii kitu, mjomba." Akafumba macho. "Sauti mbili," akasema. "Hujajifunza bado."

Nikaanza kulia, kwa sababu nilijua kwamba hasemi habari za kifua. Nikasema, "Mjomba, ule ukindu." Akaniambia, "Najua. Niliukuta umeangushwa karibu na uzio. Ulikuwa umefunguliwa, haukukatwa. Mwinjuma angekata. Kulifungua fundo langu yuko mmoja tu niliyemfundisha."

Ndiyo, ndugu zangu. Ukindu niliufungua mimi.

Ile Alhamisi nilibaki nyumbani kusahihisha madaftari ya watoto. Bwana Mwinjuma alipita asubuhi akinung'unika kwamba ana abiria wa mchana, na kwamba mzee amezidi kushuku, mara kengele, mara mhimili. Nilikuwa nimechoka na kuchekwa. Niliukumbuka ule mhuri mwekundu. Niliinama nikaugonga ule mhimili mara moja tu, sikusikia kitu, nikajiambia kwamba hakuna kitu. Nikafungua fundo, nikalisukuma gari nje ya uzio, nikaligeuza kuelekea barabarani, nikarudi kwenye madaftari yangu. Bwana Mwinjuma alikuwa ameshaondoka, hakuniona. Nilidhani nimefanya jambo la mtu aliyesoma.

Kwa akida nilisimama mlangoni. Nilikuwa na nafasi ya kusema mara tatu, kila swali liliporudiwa. Niliviogopa viboko, niliogopa kunyang'anywa watoto wa shule, nikamwachia mzee wa miaka arobaini na saba akatazama miguu yake. Baadaye kila asubuhi nilisema nitasema leo, na kila jioni nikasema kesho. Nilikula chakula cha Magdalena miezi sita nikimtazama usoni. Naona aibu mpaka mifupani.

Nilimwuliza, "Kwa nini hukunitaja?" Akakohoa kwanza, muda mrefu. Akasema, "Wangekuchapa, ukoo ungekukana, jina lingekosa wa kulibeba. Mimi najua kunyamaza, wewe bado." Halafu akaomba maji. Magdalena alipoingia na kata, niliipokea nikamnywesha.

Alifariki Ijumaa tarehe 14 Machi 1913, saa nne asubuhi, nyumbani kwake hapa Bigwa, baada ya kupakwa mafuta matakatifu. Magdalena alikuwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Magdalena. Ameacha binti, Cecilia, na wajukuu wawili. Ameacha fuawe na nyundo tatu. Ameacha Salehe, ambaye hawakuwa ndugu, lakini kila Jumamosi tangu Septemba alimpelekea mahindi, naye Salehe alidhani mzee analipa kosa lake. Salehe, ndugu yangu, halikuwa kosa lake. Ulikuwa ukimsamehe mtu asiyekukosea.

Ameacha pia mpwa mmoja. Wazee wa ukoo, mmesema jina la Pazi lizikwe kwa sababu ya aliyelitoa gari. Aliyelitoa gari amesimama hapa mbele yenu na karatasi mkononi. Jumatatu nakwenda kwa akida kusema haya niliyoyasoma, na nakala ya tatu ni yenu, sitaweza kugeuka. Nitasema na habari ya ile rangi ndani ya ufa, na Bwana Kibwana, kwa kuwa yupo, atapata muda wa kutosha kutafuta jibu. Mkinipa jina, nitakwenda nikiitwa Stefano Pazi, nami nitalichukua pamoja na mguu wa Salehe, na kulima shamba lake kabla ya langu. Mkininyima, nitakwenda vilevile na kulima vilevile, bila jina. Lakini lake mlisafishe leo, kabla udongo haujarudi.

Mjomba, lala kwa amani ya Mungu. Gari hukulitoa wewe.